DENI LA DUKANI LIWE SHAHIDI WETU



Hapa Rumonge wengi wetu tunakula kwa daftari la duka. Mkata mikungu ya michikichi hungoja mshahara. Mvuvi wa ndagala hukaa bure mwezi ukiwa mpevu, maana taa zake hazivuti samaki. Mwenye duka hutupa unga na sabuni, huandika, nasi tunaondoka bila kutazama.

Hapo ndipo tunapopotea. Daftari likiwa moja, neno la mwisho ni lake. Tuwe na letu pia: tarehe, kitu, bei, malipo, sahihi za wote wawili. Tukope kile ambacho mshahara utakilipa, na tulipe siku tuliyoahidi.

Lakini tujue, daftari la duka peke yake halitoshi mbele ya COOPEC, chama cha akiba na mikopo. Huko hutazama akiba yetu na jinsi tulivyolipa mikopo ya nyuma. Basi tuweke kidogo kila mshahara. Siku ya kuomba mkopo wa miche au karo, akiba itasema, na mwenye duka atatushuhudia.

Dawa ya deni ni kulipa. Jina jema la mfanyakazi ni mali yake.