Alama ya Mtandao Inapotoweka kwenye Kompyuta ya Nyumbani

Katika kompyuta zinazotumia Windows, alama ya mtandao hukaa karibu na saa, kwenye upau ulio chini ya skrini. Alama hiyo inapotoweka, watumiaji wengi hudhani kuwa huduma imekatika. Wapo wanaonunua kifurushi kipya, na wapo wanaomlipa fundi kabla ya kujua hitilafu iko wapi. Makala hii inaeleza namna ya kuitambua hitilafu kabla ya kutoa fedha.

Alama si mtandao wenyewe

Alama yaweza kufichika ilhali intaneti inafanya kazi. Fungua kwanza tovuti unayoifahamu. Ikifunguka, huduma ipo. Kilichopotea ni alama tu. Isipofunguka, unganisha simu na ruta ileile, zima data ya simu, kisha ujaribu tena. Simu ikipata intaneti, hitilafu imo ndani ya kompyuta. Nayo ikikosa, kagua ruta na salio la kifurushi, kisha wasiliana na mtoa huduma.

Intaneti ipo, alama haipo

Bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Katika orodha itakayotokea, chagua “Windows Explorer”, kisha “Restart”. Upau utatoweka kwa muda mfupi na kurejea. Kuizima kompyuta na kuiwasha upya huleta matokeo hayohayo.

Katika Windows 10, alama yaweza pia kuwa imezimwa kwenye mipangilio. Bofya sehemu tupu ya upau kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua “Taskbar settings”, kisha “Turn system icons on or off”, na uwashe “Network”.

Intaneti imekosekana kwenye kompyuta pekee

Hakikisha kwamba hali ya ndegeni haijawashwa. Baadhi ya kompyuta mpakato zina kitufe cha kuzima Wi-Fi, ambacho huweza kubonyezwa bila kukusudia.

Tatizo likiendelea, bofya kitufe cha Start kwa upande wa kulia wa kipanya, uchague “Device Manager”, kisha ufungue “Network adapters”. Hapo huorodheshwa kadi za mtandao. Kadi yenye mshale unaoelekea chini imezimwa: ibofye kwa kitufe cha kulia na uchague “Enable device”. Alama ya mshangao ya rangi ya njano huashiria hitilafu, na mara nyingi chanzo chake ni programu kiendeshi, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi hiyo. Ipakue kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta yako. Ikiwa huna njia nyingine ya kupata intaneti, unganisha simu na kompyuta kwa waya wa USB, kisha uwashe huduma ya kushiriki intaneti ya simu.

Iwapo kadi ya Wi-Fi haionekani kabisa katika orodha, huenda imeharibika au imelegea. Hapo ndipo fundi anapohitajika. Kadi ya nje ya Wi-Fi inayochomekwa kwenye tundu la USB nayo ni suluhisho, na gharama yake ni ndogo kuliko ya kompyuta mpya.

Linda fedha na taarifa zako

Kabla ya kumkabidhi fundi kompyuta, hifadhi nakala ya mafaili yako mahali pengine. Mtake akueleze hitilafu na gharama kabla ya kuanza kazi, na udai risiti.

Usimruhusu mtu aliyekupigia simu bila wewe kumwomba aingie kwenye kompyuta yako kwa mbali, hata akijitambulisha kuwa mtumishi wa kampuni ya kompyuta au ya intaneti. Usimpe mtu yeyote nywila wala namba ya siri ya akaunti ya fedha.

Ikithibitika kwamba hitilafu iko kwa mtoa huduma, andika tarehe na saa huduma ilipokosekana, kisha uwasilishe malalamiko kwake na kutunza kumbukumbu ya majibu. Mtumiaji aliyeko Tanzania asiporidhika na majibu hayo, ana haki ya kupeleka malalamiko yake Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).