Kidonge kimoja cha presha, dawa mbili ndani yake

Umetoka shamba alfajiri, umepanda gari hadi Darajani, umekaa foleni Hospitali ya Mnazi Mmoja, na alasiri umerudi nyumbani na boksi jipya la dawa ya presha. Daktari kakwambia: sasa utameza kidonge kimoja tu kwa siku. Lakini juu ya kabati bado zipo pakiti mbili za vidonge vya zamani, na kimoja kimebaki cha wiki tatu. Dawa ni ghali na kutupa ni israfu. Unafanyaje?

Wengi humeza vyote: kipya asubuhi, vya zamani usiku "visije vikaharibika". Hilo ni kosa linaloweza kukuangusha, tena si kwa mfano wa maneno. Kidonge kipya mara nyingi hakikuja kuongeza vile vya zamani. Kimekuja kushika nafasi yake, kwa sababu ndani ya kidonge hicho kimoja mna dawa mbili, pengine tatu, na huenda ni zilezile ulizokuwa ukizimeza mbalimbali. Ukichanganya, umekunywa dozi mara mbili bila kujua. Unaamka usiku kutia udhu, dunia inazunguka, unaanguka. Kwa kijana ni nundu kichwani. Kwa bibi wa miaka sabini ni kuvunjika nyonga, na huenda asitembee tena vizuri.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza daktari au mfamasia kabla hujaondoka dirishani ni hili: "Hiki kipya, nikianze na vile vya zamani niviache, au niendelee navyo?" Taja vidonge vyote ulivyonavyo nyumbani. Bora zaidi vitie kwenye mfuko uende navyo, au vipige picha kwa simu, upande wenye jina la dawa.

Kwa nini dawa mbili na si moja tu iliyoongezwa nguvu? Presha hupanda kwa njia zaidi ya moja. Mishipa inaweza kuwa imekaza. Mwili unaweza kuwa umezuia chumvi na maji mengi kuliko unavyohitaji. Na figo zina namna yake ya kutoa ishara inayoiamuru mishipa ibane. Dawa moja huziba njia moja, na presha ikabaki na nyingine ya kupitia. Ukiizidisha dawa hiyo hiyo, madhara yake huongezeka haraka kuliko faida. Dozi ndogo za dawa mbili tofauti hushusha presha vizuri zaidi na humsumbua mgonjwa kidogo. Shirika la Afya Duniani liliviingiza vidonge hivi vya pamoja katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019, na mwaka 2021 likashauri kwamba wagonjwa wengi wa presha waanzishiwe dawa mbili, ikiwezekana katika kidonge kimoja.

Sisi wa upande huu wa dunia tuna ushahidi wa karibu pia. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya utafiti uliowafuatilia wagonjwa 728 weusi katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Walipewa dawa mbilimbili za aina tofauti. Mchanganyiko wenye amlodipine ndani yake ulishusha presha zaidi kuliko ule usiokuwa nayo. Ndiyo maana jina hilo utaliona kwenye maboksi mengi.

Tulisome basi hilo boksi. Jina kubwa la mbele ni jina la kibiashara, na kiwanda kinaweza kuliita kinavyotaka. Linalokuhusu ni lile la maandishi madogo chini yake, ambalo ndilo jina la dawa yenyewe. Huhitaji kujua Kizungu. Tazama herufi za mwisho tu. Zinazoishia na "pine", kama amlodipine na nifedipine, hulegeza mishipa. Zinazoishia na "pril", kama lisinopril, enalapril na captopril, na zinazoishia na "sartan", kama losartan, telmisartan na valsartan, huzuia ile amri ya figo. Kisha ipo hydrochlorothiazide, jina refu ambalo mara nyingi hufupishwa kwa herufi HCT au H tu: hiyo ni dawa ya kukojosha, hutoa chumvi na maji. Bendroflumethiazide, ambayo wengi huiita bendro, ni ndugu yake.

Namba nazo zina maana. Ukiona 40/5 kwenye boksi la telmisartan na amlodipine, maana yake miligramu 40 za ya kwanza na 5 za ya pili. Kipo pia cha 80/5, na mtu anaweza kudhani hicho ni kipimo cha presha. Sicho. Kipimo ni kile cha mashine, kwa mfano 140 kwa 90, na huandikwa kwenye kadi yako.

Kanuni ni nyepesi: usiwe na vidonge viwili vyenye mwisho mmoja, na usichanganye "pril" na "sartan" bila daktari kukwambia. Hizo mbili zinafanya kazi moja kwa njia zinazokaribiana. Zilipojaribiwa pamoja kwa maelfu ya wagonjwa katika utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2008, hazikuleta faida ya ziada, ila figo ziliumia zaidi.

Na hapa Unguja tuna mlango wetu wa pekee wa kuingilia kosa hilo: Maskati. Hakuna kijiji kisichokuwa na mtu Oman, na anayerudi likizo huja na dawa za wazee kwenye begi. Ni wema mkubwa. Lakini tuseme mzee anapewa losartan kituo cha afya, na mtoto wake kamletea boksi la Exforge. Ndani ya Exforge mna amlodipine na valsartan. Losartan ya kituoni na valsartan ya Maskati ni "sartan" mbili. Mzee anazimeza zote, kila moja kwa heshima ya aliyempa, na kila mmoja kati ya hao wawili anajua ya kwake tu. Dawa ya safari ifike kwanza kituo cha afya, ionwe na mtu anayeijua, ndipo imezwe. Na ikiwa itaachwa ile ya kituoni, lazima ijulikane nani ataendelea kuileta hiyo nyingine miezi yote, maana presha haingoji likizo.

Sasa jambo ambalo mimi naliona linasahauliwa kuliko yote: dawa za maumivu. Mama wa Jambiani au Paje anayelima mwani huinama majini saa nyingi, na mgongo humuuma. Mchumaji karafuu, mvuvi, mpasua kokoto, wote ni hivyo hivyo. Dukani anaomba diclofenac au ibuprofen, anameza siku tatu, wiki, mwezi. Hizi dawa huufanya mwili uzuie chumvi na maji, na presha iliyokuwa imeshuka hupanda tena. Daktari, asiyejua habari ya mgongo, huongeza dawa ya presha. Ubaya zaidi ni pale kidonge cha presha kinapokuwa na "sartan" au "pril" pamoja na HCT, kisha juu yake ikaja diclofenac. Zote tatu zinagusa mtiririko wa damu kwenye figo, kila moja kwa njia yake, na pamoja zinaweza kuzizima figo ghafla, hasa mtu akiwa mzee au amekaukiwa maji kwa jua. Figo haziumi zinapoharibika. Mtu huja kujua miguu imevimba na mkojo umepungua.

Kwa hiyo dukani usiseme "nipe dawa ya mgongo" tu. Sema: "Nina presha, nameza dawa hii," na uoneshe picha iliyoko kwenye simu. Kwa maumivu ya kawaida paracetamol ndiyo salama zaidi kwa wengi, kwa kipimo kilichoandikwa, lakini si ile ya kuyeyusha inayotoa povu ndani ya glasi, kwa sababu ina sodiamu nyingi, yaani ile ile iliyomo kwenye chumvi. Vidonge vya mafua ya kufungua pua navyo uliza, vingine hupandisha presha.

Siku ya kuharisha na kutapika sana pia ni siku ya hatari kwa anayetumia HCT, "pril" au "sartan". Mwili umekwishapoteza maji, na dawa inaendelea kuyatoa au kuzibana figo. Usikae nyumbani ukaendelea kumeza kama kawaida. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo au piga simu; huenda wakakwambia uisimamishe kwa siku chache mpaka unywe na kula vizuri, kisha wakakurejesha.

Madhara ya kawaida yanajulikana na hayapaswi kukutisha. Amlodipine inaweza kuvimbisha vifundo vya miguu. HCT hukupeleka chooni mara kwa mara wiki za mwanzo. Dawa za "pril" huwaletea wengine kikohozi kikavu kisichokwisha, na wapo waliotibiwa kifua miezi kumbe ni kidonge. Yote haya mwambie daktari, ana dawa nyingine ya kubadilisha. Lakini midomo, ulimi au uso ukivimba, usimeze tena hata kidonge kimoja, kimbia hospitali. Hilo hutokea zaidi kwa dawa za "pril", na sisi watu wenye asili ya Afrika hutupata zaidi kuliko wengine. Inaweza kuwa siku ya pili, inaweza kuwa baada ya mwaka.

Mwanamke mwenye mimba au anayetarajia aseme mapema, kwa sababu "pril" na "sartan" humdhuru mtoto tumboni. Zipo dawa nyingine za presha kwa ajili yake. Mwenye ugonjwa wa figo naye aulize kuhusu madafu: dafu lina potasiamu nyingi, na dawa hizo hizo huizuia potasiamu isitoke mwilini.

Wako wanaoacha. Presha imesoma 128 kwa 80, mtu anajiona amepona. Mvuvi anaelewa hili kuliko yeyote: ngalawa inayovuja ikiwa kavu ndani, ni kwa sababu unakumba maji. Ukiweka upo chini, haitazama pale pale, ila maji yanarudi. Watafiti waliowafuatilia wagonjwa wa kiharusi katika hospitali za Unguja mwaka 2018 na 2019 waliikuta presha ikiongoza miongoni mwa maradhi waliyokuwa nayo wagonjwa hao. Thomu na habasoda si vibaya, ila haviwezi kushika nafasi ya kidonge. Na ng'onda na papa wa chumvi vinaifanya dawa ifanye kazi mara mbili. Ukiwaloweka na kumwaga maji, angalau umepunguza.

Saa ya kumeza si jambo la kugombania. Utafiti wa Uingereza uliotangazwa mwaka 2022, wenye watu zaidi ya elfu 21, haukuona tofauti ya kinga ya moyo na kiharusi kati ya asubuhi na jioni. Chagua saa ambayo hutasahau, ukaifunge na jambo unalolifanya kila siku. Ukisahau na ukakumbuka siku hiyo hiyo, meza. Ukikumbuka kesho, kimepita hicho. Meza cha kesho peke yake, usimeze viwili. Kidonge usikivunje nusu bila kuuliza, maana umezipunguza dawa zote mbili. Vidonge vibaki kwenye karatasi yake mpaka saa ya kumezwa, mbali na jiko na dirisha. Unyevu wa pwani yetu hauvisamehe.

Na kichwa kikiuma sana usianze kuongeza vidonge, wala usiweke nifedipine chini ya ulimi kama ilivyokuwa ikifanywa zamani. Presha ikianguka kwa ghafla, ubongo unaweza kukosa damu. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama, hata kama yamerudi baada ya dakika kumi, ni safari ya hospitali saa ile ile.

Ramadhani inaruhusu. Kidonge cha mara moja kwa siku kinaweza kumezwa baada ya futari au wakati wa daku. Chenye HCT ndani ni bora baada ya futari, kwani ukikimeza daku utakojoa maji yako yote asubuhi na kushinda na kiu. Wiki mbili au tatu kabla ya mwezi kuandama, nenda kituoni ukapange, hasa kama una kisukari au figo zako zina tatizo. Siku ya kwenda chukua boksi, kadi ya vipimo, na zile pakiti za zamani zilizoko juu ya kabati, ili wakwambie ipi uendelee nayo na ipi uwaachie hapo hapo.