Magdalene Odundo na Vyungu Visivyopikiwa

Picha za kazi za mfinyanzi Magdalene Odundo huwafikia wanafunzi wangu wa sanaa hapa Mombasa kabla ya jina lake, na swali la kwanza huwa lile lile: "Mwalimu, hiki anapikia nini?" Hapikii kitu. Tumbo la chungu limejaa, shingo imerefuka, mdomo umeinama upande. Ukikitazama vizuri unaona mwanamke aliyesimama.

Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950. Alisoma India na Kenya, kisha akajifunza uchoraji wa matangazo ya biashara Kabete. Mwaka 1971 alikwenda Cambridge, Uingereza, kuendeleza michoro hiyo hiyo. Udongo alikutana nao ugenini, na ugenini huko huko ndiko mfinyanzi Mwingereza Michael Cardew alikomtia moyo aende kujifunza Nigeria, kwenye kituo cha Abuja ya zamani, mji unaoitwa Suleja leo. Huko alikuwapo mfinyanzi Ladi Kwali, ambaye sura yake imo kwenye noti ya naira 20. Mama huyo alifinyanga bila gurudumu: chungu kilitulia, yeye ndiye aliyekizunguka.

Odundo hajaiacha njia ya mkono. Hupandisha udongo kwa vidole, hukwangua, hupaka tope laini, kisha husugua mpaka ung'ae wenyewe. Moto wa kwanza, wenye hewa ya kutosha, hutoa rangi ya machungwa. Akitaka chungu cheusi, hukirudisha tanurini pamoja na vipande vya mbao na kubana hewa. Chuma kilichomo udongoni hukosa oksijeni, moshi hupenya, na wekundu hugeuka weusi. Kwa hiyo weusi ule si rangi ya kupaka, jambo ambalo darasani kwangu hulirudia mpaka nichoke.

Kufundisha nako hakukuwa kazi ya pembeni. Alifundisha London, kisha katika chuo cha Farnham, mji aliosomea shahada ya kwanza, akapanda hadi profesa. Mwaka 2018 akawa chansela wa chuo hicho. Wanaomwita mfinyanzi wa Kiafrika wako sahihi, ila husahau kwamba alijifunza pia kwa wafinyanzi wa San Ildefonso, New Mexico.

Kazi yake Transition II, ya mwaka 2014, haina udongo hata chembe. Ni vipande 1,001 vya kioo vilivyoning'inizwa, umbo lake likitokana na pambo la sikio la Misri ya kale. Alikuwa amekaribia miaka 64, umri ambao sisi walimu wengine tunapanga foleni ya mafao.