Je, picha ya eksirei inaharibu damu na uzazi?

Wako wagonjwa wanaoandikiwa picha ya kifua wakakataa. Husema mionzi inaharibu damu, na kwamba mwanamke aliyepigwa picha hatazaa tena. Hofu hiyo ina chanzo chake, lakini ni vema ujue ukweli.

Mionzi hufanya nini mwilini?

Mwili umejengwa kwa seli, yaani chembe hai ndogo zisizoonekana kwa macho. Karibu kila seli ina nyuzi 46 ziitwazo kromosomu: 23 kutoka kwa baba na 23 kutoka kwa mama. Nyuzi hizo huiongoza seli katika kazi yake. Mionzi ikipita inaweza kuzikata. Mara nyingi seli hujitengeneza yenyewe, au hufa. Lakini ikiunga vipande vibaya na kuendelea kuishi, baada ya miaka mingi inaweza kuleta saratani.

Tumejuaje?

Mwaka 1945 mabomu ya atomiki yaliangushwa Hiroshima na Nagasaki, nchini Japani. Tangu mwaka 1950 wataalamu wamefuatilia afya ya watu wapatao 120,000. Baadhi yao walipimwa damu kwa hadubini. Waliokuwa karibu na bomu walionekana na kromosomu nyingi zaidi zilizovunjika, na saratani iliwapata zaidi. Baadhi ya watoto waliokuwa tumboni siku ile walizaliwa na upungufu wa akili. Lakini kwa watoto waliotungwa mimba baadaye, hadi leo haijaonekana ongezeko la magonjwa ya kurithi.

Na picha ya kifua?

Mionzi ya picha moja ni kidogo sana. Ni sawa na ile ambayo kila mtu huipata kwa siku 10 hivi kutoka ardhini na angani. Waliokuwa karibu na bomu walipata maelfu ya mara zaidi. Picha ya kifua haizuii kuzaa. Bali kifua kikuu kisichotibiwa huua, na huambukiza watu wa nyumba moja.

Ufanye nini?

- Ukiwa mjamzito, au siku zako zimechelewa, mwambie mhudumu kabla ya kupigwa picha.
- Kama si wewe unayepigwa picha, subiri nje ya chumba.
- Kama ulipigwa picha karibuni mahali pengine, ije nayo.
- Uliza picha ni ya nini. Ni haki yako kujibiwa.

Usikatae picha kwa maneno ya kusikia. Uliza kwanza.