Saisi wa Kiirua na Farasi Mwenye Hofu

Sisi watu wa pwani farasi tumemjua kwa masikio zaidi kuliko kwa macho. Tangu chuoni, tungali wadogo, tumesoma Suratul-Aadiyaat, ambamo Mwenyezi Mungu anaapa kwa farasi waendao mbio huku wakihema, kwato zao zikitoa cheche. Tumesikiliza tenzi za vita vya Mtume (S.A.W.) na masahaba zake, na ndani yake farasi hakosekani. Hata katika mazungumzo ya barazani yumo: mkuu wa shughuli husemwa kuwa ameshika hatamu, mwenye mdomo mrefu husemwa atiwe lijamu, na mwenye tamaa ya mambo mawili huonywa kwamba mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Lakini ni wangapi miongoni mwetu, ndugu wasomaji, waliopata kuishika hatamu yenyewe, ile ya ngozi, na upande wa pili wa ngozi hiyo yupo mnyama wa kilo 450 anayetetemeka?

Uchache huo una sababu. Sehemu nyingi za nyuma ya pwani yetu ni nchi ya mbung'o, na mbung'o na farasi hawakai pamoja. Katika vita vya kwanza vya dunia, majeshi ya Waingereza na Makaburu yaliyoingia Tanganyika mwaka 1916 yakiwa juu ya farasi yalijikuta yakienda kwa miguu, maana wanyama wao walikufa kwa maelfu kwa maradhi ya mbung'o na maradhi mengine. Unguja walikuwako, kwa kuwa masultani waliwapenda. Binti Salme, aliyeitwa baadaye Emily Ruete, ameyaeleza mafunzo ya kupanda farasi waliyopewa watoto wa jumba la kifalme katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1886. Na baba yake, Sayyid Said, alipoipeleka merikebu ya Sultana New York mwaka 1840 chini ya Ahmad bin Naaman, miongoni mwa zawadi alizomtumia Rais wa Marekani walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Hao walikuwa farasi wa wafalme. Mtu wa kawaida wa pwani alikuwa na punda wake, na angali naye.

Kwa hiyo nilipopata khabari kwamba Kiirua, katika nchi ya Wameru, yuko saisi mzee ambaye watu humpelekea farasi walioshindikana, nilifunga safari. Na neno hili saisi, kwa vijana wasiolijua, ni la Kiswahili cha asili ya Kiarabu; maana yake ni mtunza farasi. Nilidhani limekwisha kufa. Kiirua nilimkuta mtu anayelivaa kama kofia yake.

Kiirua iko kwenye mteremko wa kaskazini wa Mlima Kenya, upande wa Timau. Ni mahali pa baridi na upepo, mashamba ya viazi, mahindi na ngano, na njia za vumbi ambazo punda hupita wakiwa wamebebeshwa madumu ya maji. Ukitazama chini kaskazini waiona nchi inavyogeuka kuwa kavu kuelekea Isiolo. Karibu na hapo ndipo Lewa, iliyokuwa shamba la ng'ombe la walowezi tangu miaka ya 1920, ikawa na hifadhi ya vifaru mwaka 1983, kisha ikafanywa hifadhi kamili ya wanyama mwaka 1995. Katika nchi ile ya juu mbung'o hana nguvu, na walowezi waliwaleta farasi wao wakaishi. Mzungu akihitaji farasi, alihitaji na saisi. Na saisi alikuwa Mmeru. Baba yake mzee huyu alikuwa saisi, naye akaifuata kazi.

"Muga!" alinisalimu, kisha akageukia Kiswahili. "Karibu, mzee. Lakini usimkaribie bado. Simama hapo, umpe nafasi akutazame."

Aliyekuwa akinitazama ni farasi jike wa rangi ya hudhurungi aitwaye Shani. Sitautaja ukoo wa mwenyewe wala shamba lake. Nitataja makovu tu. Goti la mbele la kulia lilikuwa na kovu la seng'enge, refu kama kidole changu. Juu ya jicho palikuwa na alama ya kizingiti cha mlango, alipoingia bandani kwa kishindo siku moja ya radi. Mguu wa nyuma ulikuwa na doa lisiloota nywele, alipoukwangua akiteremshwa kutoka katika gari. Majeraha hayo matatu aliyapata katika muda usiozidi miaka miwili, na kila jeraha lilimleta daktari wa mifugo na hesabu yake. Mwisho mwenye farasi alichoka. Akasema kwamba akiumia tena atapigwa risasi, kwani ni kumwonea mnyama kumweka katika hali ile. Huyo mwenyewe si mtu katili. Alisema hivyo kwa uchungu. Saisi akaomba miezi sita. Wanawe walimsihi aache, maana umri wake umepita sitini na teke moja latosha kumvunja mtu paja. Hakuwasikia.

Nilimwuliza kwa nini mnyama mmoja aumie mara zote hizo na wenziwe wasalimike. Akanijibu kwa methali yetu wenyewe, kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kisha akanieleza. Farasi ameumbwa kukimbia kwanza na kuuliza baadaye. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, akaona karibu pande zote, isipokuwa mahali pawili: mbele kabisa ya paji lake na nyuma ya mkia. Kitu kikimtokea hapo ghafla, hamngoji mtu amfahamishe. Akiwa uwandani, mbio humwokoa. Akiwa amezungukwa na seng'enge, milango myembamba na kamba, mbio zile zile humkata. Kisha maumivu humzidishia hofu, na hofu humrudisha kwenye maumivu.

Kazi ya kwanza aliyoifanya haikumhusu farasi hata kidogo. Aliizunguka boma kwa siku nne. Seng'enge zote zilizo karibu aliziondoa akaweka mbao. Mlango wa banda aliupanua, na kizingiti cha juu akakifunga magunia yaliyoshindiliwa majani makavu. Misumari aliitafuta kwa kupapasa kwa kiganja, mbao moja baada ya moja. "Ukitaka mtoto asianguke, ondoa kwanza vitu vya kumkwaa, ndipo umfundishe kutembea," alisema.

Kazi ya pili ilikuwa kuuliza kama mnyama ana maumivu yasiyoonekana. Shani alikuwa akirusha kichwa kila alipotiwa lijamu, na watu wakamwita mkaidi. Daktari wa mifugo alipoitwa akamfungua kinywa, alikuta magego yamefanya makali pembeni yakimchoma shavu kwa ndani. Meno ya farasi huendelea kutoka kidogo kidogo karibu umri wake wote, na kwa kuwa taya la juu ni pana kuliko la chini, kingo zake huwa kali zisipopigwa tupa. Yakapigwa tupa. Saisi alitikisa kichwa aliponisimulia. Mnyama alikuwa akisema siku zote, na watu walikuwa wakimpiga kwa sababu ya kusema.

Ndipo ikaja subira yenyewe, nayo nilikaa siku tatu nikiitazama. Kila asubuhi saa ile ile saisi huingia uwanjani na kamba mkononi. Hamwendei farasi usoni wala nyuma, bali humwendea kwa mshazari, kuelekea begani, huku akisema maneno kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka. Farasi akiinua kichwa na kukaza shingo, saisi husimama. Akilegeza shingo, akateremsha kichwa, akalamba midomo, saisi hurudi nyuma hatua moja. Hapo ndipo penye siri yote. Mtu mwingine angeliona ule ulegevu kuwa ni nafasi ya kumrukia na kumfunga. Yeye huufanya kuwa ujira. Mnyama hujifunza kwamba utulivu humwondolea tishio, na kwamba kupapatika hakumpatii kitu. Kamba haizungushi mkononi hata mara moja, maana farasi akikurupuka huenda na vidole.

Kila siku humpima mapigo ya moyo kwa vidole viwili chini ya taya. Farasi aliyetulia mapigo yake ni baina ya 28 na 44 kwa dakika. Mwanzoni, Shani akiona tandiko tu, yalipita 60. Wiki ya kumi na mbili yalikuwa 40, na tandiko liko mgongoni. Saisi huyaandika katika daftari la shule la mjukuu wake, tarehe na hesabu, bila ya maneno mengine.

Majeraha nayo yana adabu yake. Sehemu ya chini ya mguu wa farasi ina nyama chache na hutikisika kila hatua, kwa hiyo kidonda chake hupona polepole, na mara nyingi nyama nyekundu huchomoza ikazuia ngozi kufunga. Saisi hukiosha kwa maji safi yenye chumvi, hukifunga kwa daktari kuelekeza, na hahesabu siku. Tena pana lile gonjwa ambalo lugha yetu imeliita pepopunda. Wazee waliolipa jina hilo walikuwa na macho: viini vyake huishi katika udongo na samadi, na katika wanyama wote farasi na jamaa zake ndio wanaodhurika nalo upesi mno. Kwa hiyo chanjo haikosi. Msimu wa mvua, kabla ya magharibi farasi huingizwa bandani mpaka jua lichomoze, kwa kuwa usubi wa usiku ndio unaoeneza maradhi ya farasi ya Afrika. Punda milia wa maeneo yale hubeba viini vya maradhi hayo bila ya kuugua; farasi yakimpata mara nyingi hafi na mwingine ila yeye.

Jambo lililonifurahisha zaidi ni rafiki wa Shani. Farasi ni mnyama wa kundi, na upweke humtia wasiwasi. Saisi alimtafutia mwenzi, na mwenzi huyo ni punda mkongwe wa kubeba maji, aliyenunuliwa kijijini. Radi ikipiga, punda huendelea kutafuna. Shani humtazama punda, akaona hakuna aliyekimbia, naye akarudi kwenye majani yake.

Mtihani ulikuja mwezi wa tano. Usiku mmoja wa upepo mkubwa, ua wa jirani ulianguka, na waya mmoja wa seng'enge ukaburuzwa mpaka ndani ya uwanja. Alfajiri saisi alimkuta Shani amesimama, waya umemzunguka mguu wa nyuma mara mbili. Farasi yule wa zamani angelivuta mpaka mfupa uonekane. Lakini kwa miezi minne saisi alikuwa akimfundisha kuifuata kamba laini iliyofungwa mguuni, taratibu, na kusimama inapokaza. Basi alisimama. Mwili mzima ulikuwa ukitetemeka, jasho linatoka katika baridi ile, na punda amesimama ubavuni pake. Saisi alimsemesha kwa sauti ile ile ya kila siku, akaukata waya kwa koleo. Palikuwa na mkwaruzo mmoja tu. Mwenye farasi aliitwa, akautazama waya, akautazama mguu, akasema miezi sita ifutwe. Hapana muda tena.

Sisemi kwamba Shani amepona hofu. Pikipiki zikipita njiani bado huruka upande, na huenda asipandwe na mgeni maisha yake yote. Saisi mwenyewe hadai zaidi ya hayo. Nilipomwuliza, alisema hofu haitoki, ila mnyama anaweza kufundishwa la kufanya nayo.

Katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba Bibi Aisha (R.A.) alipanda ngamia aliyekuwa na ukaidi, akawa anamvutavuta huku na huko, na Mtume (S.A.W.) akamwusia ashike upole. Saisi wa Kiirua si Mwislamu na hadithi hiyo hakuwahi kuisikia. Nilipomsimulia alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na yule ngamia, walimtazama meno?" Nilicheka, lakini swali lake sikulisahau. Upole kwake si moyo mlaini peke yake. Ni moyo mlaini wenye kuchunguza.

Njiani kurudi niliwawaza punda wetu wa Lamu, wanaobeba mawe na mchanga katika vichochoro ambamo gari haliwezi kupita. Mwaka 1987 shirika la Kiingereza, Donkey Sanctuary, lilifungua huko zahanati ya kuwatibu bure, na wengi walishangaa kwamba punda naye ana hospitali. Lakini dawa hupaka kidonda cha jana. Fimbo ya leo yangoja mkononi. Punda anayegoma kwenye ngazi humchapa kila mpita njia, na ni wachache wanaoinua shogi kutazama kama mgongo umechubuka chini yake. Kwa ajili yao nimetunga ubeti huu:

Farasi mwenye kushtuka, si wa kuchapwa milele,
Mbele yake ukifika, usipige makelele,
Kovu lake ukishika, mwambie neno la pole,
Hofu haiwezi toka, ila kwa subira tele.

Basi wenye punda, na mimi nasema na jamaa zangu: leo jioni, kabla ya kumfungia mnyama wako, muinue mdomo umtazame meno, na umpapase mgongo kwa kiganja kitupu. Kazi hiyo haina gharama, na huenda ukagundua kwamba yule uliyemwita mkaidi alikuwa mgonjwa.