Mgodi wa Uruwira: Miamba ya Mpanda na Afya ya Mtoto

Reli ya takriban kilomita 210 inayochepuka Kaliua, mkoani Tabora, na kuishia Mpanda ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940, hasa kwa ajili ya mgodi. Mgodi huo wa kampuni ya Uruwira Minerals ulitoa risasi, fedha, shaba na dhahabu. Katika miaka ya 1950 risasi yake ilikuwa miongoni mwa madini muhimu yaliyosafirishwa kutoka Tanganyika. Mwaka 1960 uzalishaji ulikoma. Mji ulibaki, na mwaka 2012 ukawa makao makuu ya Mkoa wa Katavi.

Miamba ya Mpanda ni ya ukanda wa Ubende, ulioundwa takriban miaka bilioni 2 iliyopita. Baadaye miamba hiyo ilipasuka. Maji ya moto yakapanda kupitia nyufa yakiwa yamebeba metali zilizoyeyuka, na yalipopoa metali hizo ziliganda na kuwa mishipa ya madini. Kwa sababu hiyo risasi, fedha na dhahabu hukutwa katika jiwe moja. Jiwe kuu la risasi huitwa galena, nalo ni muungano wa risasi na salfa. Rangi yake ni ya kijivu inayong'aa, na uzito wake ni takriban mara saba na nusu ya uzito wa maji yenye ujazo uleule. Fedha hujificha ndani yake kwa kiasi kidogo sana.

Kwa daktari, jambo kubwa zaidi ni mabadiliko ya galena inapofikiwa na hewa na mvua. Galena ikiwa nzima huyeyuka kwa shida tumboni. Inapooza kwa miaka mingi, salfa huondoka na risasi huungana na kaboni na oksijeni. Risasi ya namna hii huyeyuka kwa urahisi katika tindikali ya tumbo. Kwa hiyo jiwe kongwe la karibu na uso wa ardhi laweza kudhuru kuliko lile la chini kabisa.

Risasi haina kazi yoyote mwilini. Huingia kwa kujifananisha na kalisi, huzuia utengenezaji wa damu, na huvuruga ukuaji wa ubongo. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, na upungufu wa madini ya chuma au kalisi huongeza ufyonzaji huo. Sehemu kubwa huhifadhiwa katika mifupa kwa miongo mingi. Wakati wa ujauzito mifupa huweza kuiachilia ikavuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote cha risasi katika damu kuwa salama.

Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara, Nigeria, zaidi ya watoto 400 walifariki baada ya mawe ya dhahabu yenye risasi nyingi kusagwa katika makazi ya watu. Kabwe, Zambia, mgodi wa risasi ulifungwa mwaka 1994, lakini watoto waliozaliwa miaka mingi baadaye bado wamekutwa na risasi nyingi katika damu.

Wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaendelea na kazi katika eneo la Mpanda, na mshipa wenye dhahabu waweza kuwa na risasi pia. Mawe yasisagwe nyumbani, wala katika mashine ya unga. Mchimbaji aoge na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto. Marudio yasitumiwe kukandika kuta, na watoto wasiyachezee. Mjamzito asile udongo wa machimboni.

Hata mbali na migodi, kama Daudi wilayani Mbulu, risasi yaweza kufika nyumbani ndani ya betri ya gari au ya umeme wa jua. Betri iliyochakaa isipasuliwe uani.

Mtoto mwenye tumbo la kukaba, upungufu wa damu usioisha, degedege bila homa au uelewa unaorudi nyuma apelekwe hospitali mapema, na mzazi ataje kazi inayofanyika nyumbani. Dawa za kuondoa risasi zipo, lakini haziwezi kurudisha kikamilifu ubongo uliokwisha kudhurika. Tiba ya kwanza ni kumtenga mtoto na chanzo cha sumu.