Kiti cha Mbele Kina Foleni Yake

Mashine ya getini ikilia mlio usio wa kawaida na kuwasha taa nyekundu, abiria wengi hushtuka. Wanadhani kadi ya kupandia ina kasoro, au kiti kimepotea. Kwa wachache habari huwa njema: mhudumu anaichana kadi ya zamani, anachapa mpya, na namba 34K imegeuka 4A. Abiria huyo amepandishwa daraja. Alilipia kiti cha nyuma, sasa atanyoosha miguu mbele. Walio nyuma yake kwenye mstari wameona kila kitu, na kila mmoja anajiuliza moyoni: kwa nini yeye?

Ni swali halali, na anayeuliza hastahili kuitwa mwenye wivu. Majibu yanayozunguka mitaani ndiyo yenye matatizo: vaa suti, mwambie mhudumu uko fungate, tafuta mtu unayemjua ndani ya shirika. Ukweli ni kwamba kiti cha mbele kina foleni yake. Pale foleni inapojulikana na kufuatwa, hata aliyebaki nyuma huweza kuikubali. Pale inapofichwa au kurukwa, mashirika hupoteza kitu ambacho maili za bure haziwezi kukirudisha, yaani imani ya abiria.

Tuanze na kilichopo. Daraja la kwanza lenyewe sasa ni adimu, na kwenye ndege kubwa za mashirika yetu halipo. Boeing 787-8 ya Kenya Airways ina viti 30 vya daraja la biashara na 204 vya daraja la kawaida. Ya Air Tanzania ina 22 mbele na 240 nyuma. Huko Marekani, ndege za safari za ndani huviita viti vyao vya mbele daraja la kwanza, ingawa vingi ni viti vipana tu vyenye huduma nzuri zaidi. Jina lolote litakalotumika, hesabu ni moja: viti vichache, wanaovitamani wengi.

Milango mitatu ya kuingilia mbele

Ukiondoa kununua tiketi ya daraja la juu tangu mwanzo, kuna milango mitatu.

Wa kwanza ni uaminifu kwa shirika. Mwaka 1978 Marekani ilipitisha sheria ya kuondoa mkono wa serikali katika kupanga nauli na njia za ndege za ndani. Ushindani ukawa mkali. Tarehe 1 Mei 1981 American Airlines ikaanzisha AAdvantage, mpango wa kumhesabia msafiri maili anazoruka ili asihamie kwingine, na United ikafuata ndani ya siku chache. Kutokana na mipango hiyo zikazaliwa ngazi za fedha, dhahabu na platinamu tunazoziona leo kila mahali. Kenya Airways ilipojiunga na muungano wa SkyTeam mwaka 2010, na Ethiopian Airlines ilipoingia Star Alliance mwaka 2011, kadi za wasafiri wao zikaanza kutambulika kwenye ndege za washirika pia, ingawa kumpandisha mtu daraja kwa kawaida hubaki ukarimu wa shirika lake mwenyewe.

Katika viwanja vya Marekani, foleni ya mlango huu huonekana kwa macho. Kwenye skrini juu ya geti hutokea herufi chache za jina la kila anayesubiri, nafasi yake kwenye orodha, na idadi ya viti vilivyobaki mbele. Ngazi ya kadi hutangulia. Wanaolingana ngazi hutenganishwa kwa vigezo kama aina ya nauli waliyolipa na wakati walipoomba. Anayekosa anajua nani wako mbele yake na kwa kanuni ipi.

Mlango wa pili ni fedha. Siku kadhaa kabla ya safari, shirika humtumia abiria ujumbe kumwalika ataje kiasi atakachoongeza ili ahamie mbele. Etihad ni mojawapo ya mashirika yenye utaratibu huu. Anayetaja kiasi hukatwa tu ikiwa ombi lake limekubaliwa. Mengine huuza nafasi zilizobaki kwa bei maalumu pale pale uwanjani. Mlango huu umeubana sana ule wa kwanza. Viti ambavyo Delta ya Marekani ilizoea kuwagawia bure wateja wake wa kudumu, leo sehemu kubwa inauzwa, na viongozi wa shirika hilo hulitaja jambo hilo hadharani kama mafanikio ya biashara.

Mlango wa tatu ni dharura ya shirika lenyewe, na ndio usioeleweka kabisa. Mashirika huuza tiketi kupita idadi ya viti, kwa sababu uzoefu unaonyesha kuwa kila safari ina watu wasiotokea. Chukua ile ndege ya viti 204 vya nyuma. Tuseme tiketi 209 zimeuzwa, na usiku huo wote 209 wamefika, huku mbele kukiwa na viti 8 vitupu. Msimamizi wa zamu ana njia mbili. Anaweza kuwaacha watu watano uwanjani, awalipie hoteli, chakula na fidia. Au anaweza kuwasogeza watano mbele, gharama yao ikawa ndogo sana. Bila shaka atawasogeza.

Lakini nani? Kompyuta humpa orodha. Wenye kadi za ngazi ya juu hutangulia, kisha waliolipa nauli kubwa. Kila tiketi ina herufi inayoonyesha aina ya nauli. Y kwa kawaida ni nauli kamili ya daraja la kawaida, na nyingine nyingi ni za punguzo. Baada ya hapo busara ya msimamizi huingia. Anayesafiri peke yake ni rahisi kumhamisha kuliko baba, mama na watoto wawili, kwa sababu familia haipasuliwi ili kujaza kiti kimoja.

Ndiyo maana suti haisaidii. Machi 2017, huko Denver, wasichana wawili walizuiwa kupanda ndege ya United kwa kuwa walivaa suruali za kubana. Dunia ikapiga kelele, lakini watu wengi hawakusikia maelezo: wasichana hao walikuwa wakisafiri kwa tiketi za upendeleo wanazopewa wafanyakazi na jamaa zao, na tiketi hizo zina masharti ya mavazi. Kwa aliyenunua tiketi yake mwenyewe, kompyuta inasoma kadi yake na nauli yake. Tai haiioni.

Haki ni nini hapa?

Kuna wanaosema kiti ni mali ya shirika, limpe linayemtaka. Kisheria hoja hiyo ina nguvu, lakini haitoshi. Abiria huvumilia tofauti akijua sababu yake. Fikiria foleni ya hospitali: mgonjwa mahututi akipitishwa mbele, watu husogea wenyewe na kumwombea. Akipitishwa mtu mzima wa afya kwa sababu anafahamiana na nesi, benchi zima hunung'unika. Wote wawili wameruka foleni, lakini mmoja ana sababu inayoweza kusemwa kwa sauti mbele ya kila mtu.

Hicho ndicho kipimo changu. Uaminifu wa mteja unaweza kusemwa kwa sauti. Fedha pia: fulani ameongeza, amehamia. Dharura inaweza kusemwa. Hata huruma inaweza kusemwa: bibi aliyetoka kufanyiwa upasuaji, mtu mrefu mno ambaye magoti yake hayaenei, mama anayesafiri kumzika mwanawe. Sina tatizo na msimamizi anayempa mtu wa namna hiyo kiti kitupu, mradi hakuna aliyestahili kwa kanuni akanyimwa. Kisichoweza kusemwa kwa sauti ni kujuana. Hakuna tangazo la getini linaloweza kueleza kwamba kiti amepewa shemeji wa bosi.

Kwa shirika linalomilikiwa na umma, jambo hili lina uzito zaidi. Kila kiti cha mbele kinachotolewa bure kwa mkubwa aliyekata tiketi ya nyuma ni mapato ambayo wananchi wote wameyachangia. Heshima kwa cheo tunaijua na tunaienzi, lakini cheo kina bajeti yake ya safari. Kiongozi anayestahili daraja la biashara anunuliwe tiketi ya daraja la biashara, na hesabu ionekane.

Athari za tofauti hizi kati ya mbele na nyuma hazibaki moyoni tu. Mwaka 2016 Katherine DeCelles wa Chuo Kikuu cha Toronto na Michael Norton wa Harvard walichapisha utafiti kuhusu fujo za abiria. Waliona kuwa kwenye ndege zenye sehemu ya daraja la juu, uwezekano wa fujo katika daraja la kawaida ulikuwa karibu mara nne ya ule wa ndege zisizo nayo. Wataalamu wengine waliuhoji kwa upande wa takwimu, nami siuchukui kama neno la mwisho. Lakini yeyote aliyewahi kuburuta begi katikati ya viti vipana, akipishana na watu wenye glasi mkononi, anajua kuwa tofauti huonekana, na ikionekana bila maelezo huuma.

Kushushwa daraja

Upande wa pili hauzungumzwi vya kutosha. Viti vya mbele navyo vinaweza kuuzwa kupita kiasi, au ndege ikabadilishwa ikaletwa yenye viti vichache, na aliyelipia mbele akaambiwa akae nyuma. Hapa haki haina utata: huyo amenunua kitu na hakukipata.

Umoja wa Ulaya umeliwekea jambo hili sheria, kanuni namba 261 ya mwaka 2004. Abiria akipandishwa daraja, shirika haliruhusiwi kumdai nyongeza yoyote. Akishushwa, lazima arudishiwe ndani ya siku 7 sehemu ya bei ya tiketi: asilimia 30 kwa safari isiyozidi kilomita 1,500, asilimia 50 kwa safari za kati, na asilimia 75 kwa safari za nje ya Ulaya zinazozidi kilomita 3,500. Kanuni hiyo inatugusa moja kwa moja. Inahusu ndege yoyote inayoondoka uwanja wa Umoja wa Ulaya, pamoja na ndege za mashirika ya huko zinazoelekea huko. Aliyekata tiketi ya biashara ya KLM kutoka Dar es Salaam kwenda Amsterdam akashushwa nyuma ana haki ya asilimia hizo 75 kwa kipande hicho cha safari. Vocha ya kahawa na pole havitoshi. Asiondoke bila maandishi yanayoeleza kilichotokea, na kadi zake zote mbili za kupandia azitunze.

Adabu ya anayeomba na anayepewa

Kuomba si aibu. Uliza mara moja, kwa upole, mapema, kabla getini hakujachafuka: "Samahani dada, kama kutakuwa na nafasi mbele, ningeomba nifikiriwe." Akisema haiwezekani, mshukuru na ukae. Usidanganye kuhusu ugonjwa wala msiba. Uongo huo unamwibia nafasi mwenye shida ya kweli, na kesho mhudumu hatamwamini. Usimwombe mhudumu wa ndani ya ndege baada ya milango kufungwa, kwa kuwa mashirika mengi hayampi mamlaka hayo, na unamweka pabaya mbele ya abiria wengine.

Ukipewa, pokea kimya kimya. Usipige picha zenye sura za waliolala, wala usigeuke kuwapungia walio nyuma ya pazia. Chakula cha mbele mara nyingi hupakiwa kwa idadi iliyokwisha kujulikana. Ukiambiwa samaki wamekwisha, kula kilichopo. Ujue pia kuwa kwa kawaida mizigo unayoruhusiwa na maili unazopata hubaki za tiketi uliyolipia.

Penye watu wawili ndipo adabu hupimwa zaidi. Kijana mwenye kadi ya dhahabu anasafiri na mama yake wa miaka 70, kiti kimoja kimepatikana, jina lililoitwa ni lake. Kwetu jibu liko wazi: mama akae mbele. Lakini asibadilishane naye kimyakimya ndani ya ndege. Amwombe wa getini abadilishe majina, maana orodha ya abiria lazima ilingane na viti, na shirika lina haki ya kukataa. Likikataa, ni bora akae nyuma na mama yake kuliko kumwacha mzee peke yake kwa saa nane. Vivyo hivyo kwa mzazi mwenye mtoto mdogo: kiti kipana hakimwondolei jukumu la kumlea, na jirani asiyemjua hajaajiriwa kumwangalia mwanawe.

Wanaotaka kumpa mtu mwingine kiti chao, awe mgonjwa au mjamzito aliyechoka, wafanye hivyo. Kutoa ni moyo. Wapitie kwa mhudumu, na wasimtangaze waliyemsaidia.

Mashirika nayo yana wajibu wao, na si mgumu. Yachapishe kwenye masharti ya safari utaratibu wa kupandisha na kushusha daraja, kwa Kiswahili kinachosomeka. Yaeleze busara ya msimamizi inaanzia na kuishia wapi, na kila anayepandishwa nje ya kanuni sababu yake iandikwe na jina la aliyeidhinisha. Tanzania ina baraza la kuwatetea watumiaji wa huduma za usafiri wa anga chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA). Hili ni suala ambalo baraza hilo linaweza kulisimamia, na abiria wanapaswa kulipelekea malalamiko yao bila kusitasita. Abiria aliyekosa kiti cha mbele atakuwa amekosa tu. Asiongezewe na shaka kwamba amedhulumiwa.